Kuchonga bushi na pini za usukani wa trekta kuukuu: MF 35 na MF 135

Massey Ferguson 135 iliundwa kati ya 1964 na 1975, na MF 35 ilitangulia mwishoni mwa miaka ya hamsini. Hata ile changa kabisa kati ya hizo imeshalima nusu karne, na bado ziko nyingi mashambani. Injini yake huchongwa upya na klachi hubadilishwa, lakini sehemu ya mbele husahaulika hadi siku dereva anapozungusha usukani robo nzima kabla gurudumu halijaitika.

Wengi hununua bushi mpya dukani (mirija mifupi ya madini laini ambamo shafti huzunguka), wanazigonga ndani, na baada ya msimu mmoja mchezo, yaani ulegevu, umerudi. Kosa mara nyingi si la bushi. Bushi ya dukani imechongwa kwa ajili ya shafti mpya na nyumba mpya (tundu linaloishika bushi), na trekta lako halina kimojawapo. Shafti imelika, nyumba imepanuka, na bushi iliyo sahihi kitabuni inakuwa si sahihi kwako. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchonga mwenyewe, au kumchongesha fundi wa lethi (mashine ya kukereza chuma) ukiwa na vipimo mkononi: unaitengeneza bushi ifuate chuma ulicho nacho.

Maelezo haya ni ya matrekta yenye usukani wa mkono, usio na pampu ya haidroliki, na ekseli ya mbele iliyopinda kurudi nyuma. Muundo huo hauna tairodi inayounganisha gurudumu na gurudumu. Steringi boksi ina mikono miwili, mmoja kila upande, na kila mkono una dragilinki yake, fimbo inayofika hadi kwenye gurudumu lake. Kumbuka jambo hilo, maana lina uzito wakati wa kupanga magurudumu mwishoni.

Kwanza, mchezo uko wapi?

Usifungue kitu bado. Trekta likiwa limesimama kwenye ardhi ngumu, mtu mmoja azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, na wewe upite ukishika kila kiungo kwa vidole. Kidole huhisi kabla jicho halijaona. Anzia kwenye mikono ya steringi boksi, fuata bolijointi ya nyuma (kiungo cha duara kwenye mwisho wa dragilinki), ya mbele, mkono ulio juu ya kingpini (pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia), halafu kingpini yenyewe. Mahali ambapo upande mmoja umesogea na wa pili bado umetulia, mchezo upo hapo.

Kisha inua mbele. Weka kabari za mbao ngumu kati ya boriti ya ekseli na fremu, pande zote mbili, kabla ya kupandisha jeki. Ekseli hii inabembea kwenye pini ya katikati, na bila kabari trekta linaweza kulala upande mmoja ghafla. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au magogo. Jeki ni ya kunyanyulia tu, uzito ukae kwenye stendi au magogo yaliyopangwa msalaba.

Shika gurudumu juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, weka kidole kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na stabu (ekseli fupi inayolibeba gurudumu). Habu ikisogea na stabu ikatulia, ni beringi ya gurudumu, ikaze au ibadilishe kwanza. Stabu nzima ikitikisika ndani ya nyumba yake, bushi za kingpini zimekwisha. Dalili nyingine unaiona ukisimama mbele ya trekta: magurudumu haya huwa yamechanua kidogo kwa juu, na yakianza kuinamia ndani ujue uzito umeshakula bushi.

Vya kuchonga na vya kuacha

Bushi za kingpini, washa za kubebea uzito, pini ya katikati na bushi yake, kii za mikono (vipande vya chuma vinavyoufunga mkono kwenye shafti), na bomba la dragilinki: hivyo vyote vinachongeka kwa lethi ya kawaida. Bolijointi nunua. Tufe lake la chuma limepewa ugumu wa kiwandani, na likichomoka trekta likiwa barabarani na tela, dereva hupoteza uongozi wa gurudumu hilo.

Mkono wa steringi boksi au mkono wa kingpini ukiwa na ufa, usiuchomelee. Tafuta mwingine. Chuma hicho kimefuliwa kwa joto na nyundo, na moto wa welding hukiacha kigumu na chenye kuvunjika pembeni mwa mshono. Kutambua ufa si lazima uwe na dawa za maabara: safisha mkono hadi chuma kionekane, uloweke katika mafuta ya taa kwa saa moja, ufute ukauke kabisa, kisha upake unga wa chokaa. Gonga kidogo kwa nyundo. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chokaa. Angalia zaidi kwenye mikunjo na kuzunguka tundu la bolijointi.

Kupima

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Toa kingpini, ioshe kwa mafuta ya taa na uipime kwa maikromita. Venia ya kawaida inatosha kwa urefu, haitoshi kwa unene wa shafti. Pima mahali bushi ya juu inapokaa na mahali pa bushi ya chini, kila mahali kwa pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Utakuta shafti ni yai, si duara. Gurudumu liko nje ya kingpini, hivyo ardhi inapolisukuma juu, kichwa cha kingpini hulalia ndani na mguu wake husukumwa nje. Kwa hiyo bushi ya juu huliwa upande wa ndani, ya chini upande wa nje. Ukikuta imeliwa vingine, chunguza kama ekseli haijapinda.

Shafti yenye tofauti ya zaidi ya milimita 0.10 kati ya upande na upande usiivalishe bushi mpya ilivyo. Ifunge kwenye lethi kati ya senta mbili, ikereze hadi duara lirudi, umalizie kwa msasa mzuri wenye mafuta. Usipunguze zaidi ya milimita 1 ya kipenyo, na usiguse kona ya mviringo pale shafti inapokutana na bega. Kona hiyo ikichongwa kali, ufa utaanzia hapo. Wapo wanaojaza shafti kwa welding kisha wanaikereza. Kwa kingpini hapana, kwa sababu ileile ya mikono.

Pima nyumba ya bushi nayo, baada ya kutoa bushi ya zamani, kwa pande tatu. Bushi iliyowahi kuzunguka ndani ya nyumba huwa imeipanua. Ikiwa bado ni duara, hakuna hasara: bushi yako itakuwa nene kidogo kwa nje. Ikiwa imekuwa yai kupita milimita 0.10, nyumba ikerezwe kwanza. Hapo bushi ya dukani ingekuwa imeshakushinda.

Andika vipimo kwenye karatasi na uandike upande: kushoto juu, kushoto chini, kulia juu, kulia chini. Vinne hivyo havifanani kamwe katika trekta la umri huu, na bushi nne zilizochongwa kwa kipimo kimoja ni kazi ya kurudia.

Madini

Bushi iwe laini kuliko shafti, ili ikifika siku ya kulika ilike bushi. Bronzi ya bati, ile inayouzwa kwa vipande vya duara vyenye tundu katikati, ndiyo inayofaa. Kwa Dar es Salaam wachongaji wa Gerezani huijua, Nairobi uliza maduka ya madini ya Industrial Area. Usikubali shaba ya njano ya mabomba ya maji. Ukipitisha tupa, shaba ya njano hung'aa kama dhahabu hafifu, bronzi hutoa wekundu wa kahawia. Shaba ya njano haibebi mzigo wa kugongwa na itakuwa imelegea kabla ya mavuno. Bushi ya chuma juu ya shafti ya chuma ni mbaya zaidi: siku grisi ikikauka vitang'atana na kuraruana.

Kwa pini, omba chuma cha EN8 (chuma chenye kaboni ya wastani). Hafu shafti ya zamani ya lori nayo ni chuma kizuri, ila ngozi yake ya nje imefanywa ngumu na kisu cha kawaida cha lethi kitakatika meno. Tumia kisu cha kabaidi hadi uipite ngozi hiyo.

Kwa kila bushi kata urefu wake, ongeza milimita 5 za kusawazisha nyuso mbili, na milimita 25 za kushikwa na chaki (taya za lethi zinazoshika kipande). Ukichonga bushi nne kutoka kipande kimoja, zile 25 unazipoteza mara moja tu, kwa hiyo nunua kipande kirefu kimoja.

Kuchonga bushi

Chukua mfano wa nyumba yenye milimita 38.10 na shafti ambayo baada ya kukerezwa imebaki 29.40. Nje ya bushi iwe 38.15, yaani nene kuliko nyumba kwa 0.05, ishike kwa nguvu bila kupasua nyumba. Tundu la ndani lichongwe 29.35 kwanza. Ndiyo, dogo kuliko shafti. Bushi ikiingia kwa nguvu, nyumba huibana na tundu hujifinya karibu kiasi kilekile cha 0.05, linakuwa kama 29.30. Kutoka hapo rima (kisu cha kupanulia tundu) italipeleka hadi 29.48, na shafti ipate nafasi ya 0.08 ya kubeba grisi. Nafasi ya 0.05 hadi 0.10 ni nzuri kwa unene huo. Chini ya 0.05 usukani unakuwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Juu ya 0.15 umeanza tena na mchezo uleule uliotaka kuuondoa.

Anayechonga tundu moja kwa moja kwenye kipimo cha mwisho kabla ya kupachika, ndiye yule utakayemkuta akigonga kingpini kwa nyundo ya ratili kumi akisema bushi imekosewa.

Chonga nje na ndani bila kukifungua kipande kwenye chaki, maana ukikigeuza katikati ya kazi tundu halitakuwa sawa na nje. Mdomo wa nje wa bushi uwe na mteremko wa milimita 1.5 kwa nyuzi 30, uisaidie kuingia wima.

Sasa njia ya grisi. Bushi nyingi zinazochongwa mitaani hufa hapa. Fundi hutoboa tundu moja kwenye bushi, wakati wa kuipachika linageuka kidogo, na nipeli (mdomo wa kupigia grisi) inabaki ikisukuma grisi kwenye ukuta wa bronzi. Ili kuepuka hilo, kata mfereji wa kuzunguka bushi kwa nje, upana milimita 4, kina 1, kwenye usawa wa nipeli. Toboa matundu mawili ya milimita 4 kutoka mfereji huo hadi ndani. Hata bushi ikigeuka vipi, grisi itapata mlango. Kwa ndani kata mfereji wa urefu, upana 3 na kina 1, uishie milimita 5 kabla ya kila mwisho, la sivyo grisi yote itatoka badala ya kukaa. Mfereji wa ndani uelekee mbele ya trekta. Ndani na nje ndiko kwenye mzigo, kama alama za kulika zilivyoonyesha, na ukikata mfereji hapo umepunguza sehemu ya kubebea.

Kupachika

Usigonge bushi kwa nyundo moja kwa moja, mdomo wake utatanuka kama uyoga. Chonga kisukumio chenye ngazi mbili: pua inayoingia ndani ya bushi kwa ulegevu kidogo, na bega linaloegemea uso wake. Kama hakuna presi, tumia bolti ndefu ya milimita 16 au zaidi, washa nene mbili na nati. Ipitishe kwenye nyumba, kaza nati polepole, bushi itavutwa ndani ikiwa wima. Nyumba ikipashwa moto hadi tone la maji linachemka juu yake, kazi inakuwa nyepesi. Usiipashe hadi ibadilike rangi.

Bushi ya juu na ya chini lazima zitazame mstari mmoja. Rima ndefu inayorekebishika, inayoongozwa na bushi ya pili wakati inakata ya kwanza, ndiyo njia ya uhakika. Ongeza upana wa rima kidogo sana kila safari, zungusha upande mmoja tu, usirudishe nyuma, kwa sababu meno yatavunjika na kuchana bronzi.

Halafu jaribu kwa macho. Changanya masizi ya chungu na mafuta kidogo, paka shafti safu nyembamba, ingiza, zungusha mara moja kushoto na kulia, toa. Ndani ya bushi utaona madoa meusi pale inapogusa. Madoa yakitawanyika sehemu kubwa ya uso, umemaliza. Yakiwa upande mmoja juu na upande wa pili chini, bushi hazitazamani. Kwangua madoa hayo kwa kikwangulio cha pembe tatu, paka tena, rudia. Kazi hii inachukua saa nzima kwa upande mmoja na haina njia ya mkato. Shafti iliyokaa vizuri, ikiwa na mafuta tu, hushuka ndani kwa uzito wake pole pole, kama pistoni ya pampu ya baiskeli.

Washa na kii

Uzito wa mbele hubebwa na beringi ya mzigo kwenye bega la kingpini. Ikiwa nzima, ioshe na uirudishe. Ikiwa haipatikani, washa mbili zinaweza kushika nafasi yake: moja ya bronzi na moja ya chuma kilichogumishwa. Unene wa zote mbili kwa pamoja uwe sawa na urefu wa beringi ya asili. Usukani utakuwa mzito kuliko kwa beringi, dereva aambiwe. Baada ya kufunga, kingpini isipande na kushuka zaidi ya milimita 0.25. Ikizidi, ongeza shimu nyembamba ya chuma, usikaze mkono wa juu kwa nguvu ili kuficha nafasi hiyo.

Kii ya mkono ibane ubavuni kabisa na ibaki na nafasi ya 0.2 hivi kwa juu. Kii inayobana juu na kulegea ubavuni hugongwa kila kona hadi ikate mfereji wake.

Pini ya katikati

Mbele ishikiliwe na stendi chini ya kibebeo cha ekseli, siyo chini ya ekseli yenyewe, kwani ekseli ndiyo itakayotoka. Pini mpya ichongwe kwa EN8 ikifuata urefu na mabega ya ile ya zamani, na bushi yake kwa hesabu ileile ya juu, ila nafasi hapa iwe 0.10 hadi 0.15, kwa kuwa boriti hubembea polepole na hubeba matope. Toboa tundu la milimita 6 katikati ya pini kwa urefu hadi chini ya bushi, kisha la 4 kutoka ubavuni kukutana nalo, na ukate nyuzi za nipeli kwenye mdomo.

Ugumu wa pini: ipashe moto wa mkaa kwa kipulizio hadi sumaku isishike, endelea dakika chache zaidi hadi rangi iwe nyekundu ya kung'aa kote, kisha izamishe wima katika mafuta. Ukiilaza itapinda. Jaribu kwa tupa, inatakiwa iteleze. Sasa pini ni ngumu lakini huvunjika kama kioo, hivyo ing'arishe kwa msasa na uipashe tena taratibu hadi rangi ya uso ipite manjano na kahawia na kufika buluu, kisha iache ipoe yenyewe. Fundi anayeruka hatua hii ya pili ataletewa pini vipande viwili.

Dragilinki

Bomba la maji lisitumike. Ukuta wake ni mwembamba, lina mshono, na gurudumu likigonga kisiki linakunjika katikati. Tafuta bomba lisilo na mshono, ukuta usiopungua milimita 5, ukate nyuzi moja kwa moja ndani yake zifanane na za bolijointi. Bolijointi iingie angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake: ya milimita 18 iingie 27. Weka alama ya rangi ili ionekane kama imetoka kupita kiasi. Pasua mwisho wa bomba kwa msumeno wa chuma na ufunge klampu. Matrekta haya ni ya inchi, kwa hiyo pima nyuzi kabla ya kununua. Bolti ya milimita 12 ndani ya tundu la nusu inchi hulegea 0.7, ukafikiri bushi imeharibika tena.

Kupanga magurudumu

Fungua dragilinki zote mbili upande wa mbele. Zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto, hesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia, rudi nusu yake. Hapo ni katikati, ufunge usukani usisogee. Vuta uzi kutoka gurudumu la nyuma kila upande, uelekeze gurudumu la mbele sambamba nao, urekebishe urefu wa dragilinki hadi bolijointi idondoke kwenye tundu lake bila kulazimishwa. Ukifupisha upande mmoja tu, trekta litakata kona nzuri upande mmoja na mbaya upande wa pili.

Mwisho pima nafasi kati ya rimu mbili kwa usawa wa habu, mbele na nyuma. Weka alama kwenye rimu, sogeza trekta nusu mzunguko, upime kwenye alama ileile, maana rimu za zamani zimepinda. Mbele pawe padogo kuliko nyuma kwa milimita 0 hadi 6. Pakiwa pakubwa, trekta litatangatanga barabarani na tairi litalika kwa ndani.

Jaza grisi ya lithiamu namba 2 hadi itoke juu na chini ya kila bushi. Baada ya saa 10 za kazi kaza tena klampu, bolti za mikono na nati za bolijointi, kwa sababu bushi mpya hukaa mahali pake. Kuanzia hapo weka grisi kila siku ya kazi. Kwenye majaruba ya mpunga, kama Mwea au Mbarali, weka jioni trekta likitoka majini, siyo asubuhi. Grisi ya jioni husukuma maji nje kabla hayajakaa usiku kucha juu ya shafti.